2147483647: programu inasema si namba tasa. Kosa liko wapi, na inathibitishwaje kwa kalamu?

Kikokotoo

Wakuu, salaam. Naomba msaada kwenye namba moja tu: 2147483647, yaani 2^31 − 1. Orodha zote za namba tasa zinayo. Lakini kodi hii fupi ya Java inang'ang'ania kwamba si tasa:

```
int n = 2147483647;
boolean tasa = (n % 2 != 0);
for (int i = 3; tasa && i * i <= n; i += 2) {
    if (n % i == 0) tasa = false;
}
```

Nikiweka 1000000007 inajibu ni tasa, sahihi. Nikiweka 2147483645 inajibu si tasa, sahihi pia, maana inagawanyika kwa 5. Hata 2147483629 inajibu vizuri kwamba ni tasa. Inakwama kwenye hii moja, na inazunguka muda mrefu kabla ya kutoa hilo jibu baya.

Swali la pili ni la hesabu tupu. Euler aliithibitisha namba hii mwaka 1772 bila mashine yoyote. Kipeuo chake cha pili ni 46340 na ushei, na chini ya hapo kuna namba tasa 4,792. Siamini kwamba alizigawanya zote. Alipunguzaje kazi? Naomba hatua zenyewe, siyo jina la kanuni peke yake.

---

Biti_ya_Mwisho

Mkuu, namba yako haina kosa. Kosa ni hiyo `i * i`.

`int` ya Java ina biti 32, na namba kubwa kuliko zote inayoingia humo ni hiyo hiyo 2147483647. Fuatilia lupu inapokaribia mwisho. Ikifika i = 46339, mraba wake ni 2147302921, bado haujavuka n, kwa hiyo lupu inaendelea. Inayofuata ni i = 46341. Mraba wake halisi ni 2147488281, na huo hauingii kwenye `int`. Unafurika, na kinachobaki ndani ni −2147479015. Hasi ni ndogo kuliko n, sharti linatimia, lupu inasonga mbele kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kuanzia hapo haiwezi tena kusimama kwa njia ya kawaida, kwa sababu hakuna `int` yoyote iliyo kubwa kuliko 2147483647. Sharti `i * i <= n` limekuwa kweli siku zote. Inazunguka mpaka i inafika 2147483647 yenyewe, mizunguko 1,073,741,823 badala ya 23,169. Hapo `n % i` ni sifuri, kwa kuwa kila namba inajigawa yenyewe, na programu inatangaza kwamba imepata kigawo.

Hiyo 2147483629 imepona kwa bahati, usiihesabu kama ushahidi. Kati yake na ukomo wa `int` kuna nafasi ndogo. Mraba wa namba witiri huacha baki 1 ukigawa kwa 8, hata baada ya kufurika, na kwenye nafasi hiyo 2147483633 na 2147483641 zina sifa hiyo. Mapema au baadaye i fulani inaangukia mojawapo, inaonekana kubwa kuliko n, lupu inakatika, na jibu linatoka sahihi kwa sababu isiyo sahihi. Kwa kodi yako, kila namba tasa kuanzia 2147302921 kwenda juu inapita kwenye njia hii mbovu. Zisizo tasa zinasalimika kwa sababu kigawo chao kidogo kinapatikana kabla ya 46341, na ndiyo maana kosa la aina hii linaweza kukaa miaka kwenye kodi bila kuonekana.

Dawa: andika `i <= n / i` badala ya `i * i <= n`. Au tumia `(long) i * i`. Angalia mabano vizuri hapo. Ukiandika `(long)(i * i)`, kuzidisha kunafanyika kwanza kwenye biti 32, kunafurika, kisha takataka hiyo ndiyo inapanuliwa kuwa biti 64.

Jingine la kuepuka: usiipitishe namba hii kwenye `float`. `float` hubeba biti 24 tu za tarakimu, na 2147483647 ina biti 31, zote ni 1. Inakaribishwa juu kuwa 2147483648, namba shufwa.

Wanaotumia C wasitegemee hata hiyo −2147479015. Java inaahidi kwamba namba itazunguka hivyo, C haiahidi chochote kwa namba zenye alama zinapofurika, na kikusanyaji kina uhuru wa kuikata lupu au kuiacha izunguke milele.

---

Tarakimu

Naingia kwenye la Euler. Utamu wake ni kwamba mtu anaanza kwa kujiuliza kigawo kikiwepo kitakuwa na sura gani, na anagawanya baadaye kabisa.

Chukua q, namba tasa yoyote inayogawa 2^31 − 1. Maana yake 2^31 ukiigawa kwa q inaacha baki 1. Kanuni ndogo ya Fermat inasema 2^(q−1) nayo inaacha baki 1. Sasa, vipeo viwili vikirudisha baki 1, basi kigawo chao kikubwa cha shirika nacho kinarudisha baki 1. KKS ya 31 na q − 1 ni 1 au 31, maana 31 ni tasa. Ingekuwa 1, tungepata kwamba 2^1 inaacha baki 1 kwa q, jambo lisilowezekana. Kwa hiyo ni 31, yaani 31 inagawa q − 1. Na q ni witiri, hivyo q − 1 ni shufwa, inagawanyika kwa 62. Tayari q lazima iwe 62k + 1.

Bado kuna chujio la pili, na ndilo linalokata nusu iliyobaki. Kwa kuwa 2^31 inaacha baki 1, basi 2^32 inaacha baki 2. Lakini 2^32 ni mraba wa 2^16. Kwa hiyo kwenye ulimwengu wa baki za q, namba 2 ni mraba. Hilo hutokea kwa namba tasa witiri zinazoacha baki 1 au 7 zikigawanywa kwa 8, na si nyingine. Pitisha 62k + 1 kwenye chujio hili: 1, 63, 125, 187 zinaacha baki 1, 7, 5, 3 kwa 8. Mbili za mwisho zinaanguka. Baada ya 248 mchezo unajirudia.

Kwa hiyo kigawo chochote cha 2147483647 kina sura ya 248k + 1 au 248k + 63. Chini ya 46341 kuna namba 372 za sura hizo, ukiacha 1 na 63. Ukiondoa zisizo tasa unabaki na zisizofika mia moja. Kutoka 4,792 mpaka hapo! Hiyo ni kazi ya siku chache kwa mtu mwenye subira na jedwali la namba tasa.

Orodha inaanza hivi: 249 ni 3 × 83, itupe. 311 ni tasa, ijaribu. 497 ni 7 × 71, 559 ni 13 × 43, 745 inaishia na 5, 807 na 993 zinagawanyika kwa 3, 1055 inaishia na 5, 1241 ni 17 × 73. Inayofuata ya kujaribu ni 1303, kisha 1489.

Na kujaribu si lazima ugawanye namba ya tarakimu kumi. Panda kwa miraba. Kwa 311:

2^8 = 256, ambayo ni −55.
2^16 = 55 × 55 = 3025, toa 9 × 311 = 2799, inabaki 226, ambayo ni −85.
2^24 = (−55) × (−85) = 4675, toa 15 × 311 = 4665, inabaki 10.
2^31 = 10 × 128 = 1280, toa 4 × 311 = 1244, inabaki 36.

Ingekuwa 1, ungekuwa umepata kigawo. Ni 36, kwa hiyo 311 imeanguka. Ukifanya vivyo hivyo 1303 inakupa 227 na 1489 inakupa 200. Unaendelea mpaka 46340, na hakuna inayotoa 1.

Ili uone njia hii ikinasa, ifanye kwa jirani yake 2^29 − 1 = 536870911. Huko vigawo ni 58k + 1 vyenye baki 1 au 7 kwa 8. 59 inaacha baki 3, imetoka. 117 inaacha 5, imetoka. 175 inapita chujio ila si tasa. Inayofuata ni 233: 2^8 ni 23, 2^16 ni 529 yaani 63, 2^24 ni 23 × 63 = 1449 yaani 51, na 2^29 ni 51 × 32 = 1632, ambayo ni 7 × 233 + 1. Baki 1, imenaswa! Mgombea tasa wa kwanza kabisa. Namba nzima ni 233 × 1103 × 2089, na vyote vitatu ni vya sura ya 58k + 1.

Hapa ndipo Cataldi, mwanahisabati wa Italia aliyemtangulia Euler, aliteleza. Yeye alithibitisha kwa haki 2^17 − 1 na 2^19 − 1, kwa kugawanya mojamoja, kisha akatangaza kwamba vipeo 23, 29, 31 na 37 navyo vinatoa namba tasa. Fermat akaangusha 23 na 37 mwaka 1640, Euler akaangusha 29 mwaka 1738. Kati ya vinne ni 31 tu kilichosimama, na kilisubiri hadi 1772 kupata uthibitisho.

---

Mteremko

Kwa nini kuhangaika na orodha yote hiyo? Chukua jaribio la Fermat kwa msingi 2: kokotoa 2^(n−1) kwa baki za n. Ikitoka 1, basi n ni tasa kwa uwezekano mkubwa sana. Kwa 2147483647 inatoka 1. Mstari mmoja wa Python, `pow(2, n-1, n)`, umemaliza.

---

Tarakimu

@Mteremko, kwa namba za familia hii msingi 2 hausemi kitu kabisa, na ni vizuri kuona kwa nini.

Chukua 2^11 − 1 = 2047. Si tasa, ni 23 × 89. Lakini n − 1 = 2046 = 11 × 186, na 2^11 = 2048 inaacha baki 1 kwa 2047. Kwa hiyo 2^2046 ni 1 iliyozidishwa yenyewe mara 186. Inatoka 1, na jaribio lako limeipitisha.

Hiyo haitokei kwa 2047 peke yake. Kipeo p kikiwa tasa, p hugawa 2^p − 2 (ni Fermat yule yule), na 2^p − 2 ndiyo n − 1. Basi kila namba ya aina 2^p − 1 yenye p tasa inapita jaribio la msingi 2, iwe tasa isiwe. 536870911 tuliyoiangusha hapo juu nayo inapita. Ukitumia msingi 3 unapata ushahidi wa maana, lakini ushahidi bado si uthibitisho. Ukitaka uthibitisho wa haraka kwa familia hii, kuna jaribio la Lucas na Lehmer, ambalo halibahatishi.

Anza na 4. Kila hatua, zidisha namba kwa yenyewe, toa 2, chukua baki kwa 2^p − 1. Rudia mara p − 2. Ikiishia sifuri, ni tasa. Isipoishia sifuri, si tasa. Hakuna "huenda" hapo. Lucas ndiye aliyeanzisha njia hii, na mwaka 1876 aliitumia kwenye 2^127 − 1, yenye tarakimu 39. Lehmer akaisafisha kufikia sura hii tunayotumia leo.

Kwa p = 7, yaani 127, hatua ni tano: 4, 14, 67, 42, 111, 0. Ni tasa.
Kwa p = 11, yaani 2047, hatua ni tisa: 4, 14, 194, 788, 701, 119, 1877, 240, 282, 1736. Haijaishia sifuri, si tasa. Jambo moja la kukubali: haikuambii 23 na 89. Inasema kigawo kipo, haionyeshi ni kipi.

Na kuchukua baki hapa hakuhitaji kugawanya hata kidogo. Kwa kuwa 128 ni sawa na 1 kwenye baki za 127, ukiwa na namba kubwa iandike kama "128 ngapi na chenji ngapi", kisha jumlisha hizo mbili. Angalia hatua ya mwisho: 111 × 111 − 2 = 12319. Ni 128 mara 96, chenji 31. Jumlisha 96 na 31, unapata 127, ambayo ni sifuri. Kwa kompyuta hiyo ni kukata biti 7 za chini na kuzijumlisha na zilizobaki juu. Kwa 2^31 − 1 unakata biti 31.

---

Kikokotoo

Shukrani sana wakuu. `i <= n / i` imemaliza tatizo la kwanza, na 311 nimeifanya kwa kalamu ikatoka 36.

Nimejaribu Lucas na Lehmer kwa p = 31 kwenye jedwali la kukokotolea, hatua 29. Mwanzo ni 4, 14, 194, 37634, 1416317954, vizuri. Baada ya hapo nikilinganisha na rafiki anayetumia Python tunaachana. Nikahamia Java na `long`, tukalingana njia nzima, ila hatua ya mwisho yeye anapata 0, mimi napata 2147483647. Nimekosea nini tena?

---

Biti_ya_Mwisho

Mambo mawili tofauti, mkuu.

La jedwali: seli inashika tarakimu 15 tu za maana. Hatua unayoachana na mwenzako ni ya tano. 1416317954 mara yenyewe, toa 2, ni 2005956546822746114, tarakimu 19. Jedwali linazigeuza nne za mwisho kuwa sifuri, na baki inategemea hizo hizo. JavaScript ya kawaida ina ugonjwa huo huo, inahesabu namba nzima kwa uhakika hadi 2^53 tu. `long` ya biti 64 inatosha, kwa sababu mraba wa namba iliyo chini ya 2^31 hauzidi 2^62. Angalia hatua hiyo ya tano kwa kukata biti 31: juu unapata 934096307, chini 1883058178. Jumla ni 2817154485. Imezidi, toa 2147483647, inabaki 669670838. Kama una namba hiyo, uko sawa.

La hatua ya mwisho: hujakosea, umepata sifuri ikiwa imevaa nguo nyingine. Kukata na kujumlisha hakuwezi kamwe kutoa 0 kutoka kwenye namba chanya. Kunaishia 2147483647, ambayo kwa baki ni sifuri. Ongeza mstari baada ya kukunja, yaani baada ya huko kukata na kujumlisha: ikiwa s (thamani ya hatua hiyo) ni sawa na M (hiyo 2147483647), weka s = 0. Ukikosa mstari huu, namba tasa halali inaonekana "si tasa" kwenye kodi yako.

Linda pia upande wa chini. Ikitokea s ni 0 au 1 katikati, s × s − 2 inakuwa hasi, na kusogeza biti za namba hasi kunaleta kitu kingine kabisa. Jumlisha M kabla ya kukunja.

Kipimo cha bure cha kujua kama hesabu yako ni nzima: tazama thamani ya kabla ya mwisho. Ikiwa ya mwisho ni sifuri, basi mraba wa iliyotangulia ni 2, na vipeuo vya pili vya 2 hapa ni 2^16 na −2^16 tu. Kwa hiyo hatua ya 28 lazima iwe 65536 au 2147418111. Kwa 127 ilikuwa 111, ambayo ni 127 − 16, sawa kabisa. Ukiona sifuri mwishoni na ya kabla yake si mojawapo ya hizo, kodi ina kasoro.

---

Mbegu_Saba

Mmeongelea kuithibitisha, nami niongeze inavyotumika, kwa sababu sifa zake mbili ni za kazi kabisa.

Ya kwanza ni n − 1. Inavunjika vizuri: 2147483646 = 2 × 3^2 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331. Kwa hiyo unaweza kupima kama namba fulani inazunguka baki zote kabla ya kurudi kwenye 1. Chukua 7. Kokotoa 7^((n−1)/r) kwa r = 2, 3, 7, 11, 31, 151 na 331. Zote saba hazitoi 1, ilhali 7^(n−1) inatoa 1. Basi vipeo vya 7 vinapita baki zote 2147483646 bila kuruka hata moja. Linganisha na 2, ambayo inachoka baada ya hatua 31 tu. Tena angalia: hiyo peke yake ni uthibitisho wa tatu kwamba n ni tasa, kwa sababu namba isiyo tasa haina baki za kutosha kuruhusu mzunguko wa urefu wa n − 1. Kwenye Python ni `pow(7, (n-1)//r, n)` mara saba. Tumia `//`, siyo `/`, la sivyo kipeo kinakuwa cha desimali na inakataa.

Park na Miller mwaka 1988 walipendekeza kizalishi cha namba nasibu kilichojengwa hapo: x mpya = 16807 × x, chukua baki kwa 2147483647. Hiyo 16807 ni 7^5. Kwa nini 5? Kwa sababu 5 haimo kwenye vigawo vya n − 1 hapo juu, hivyo 7^5 nayo inazunguka zote. Wangechukua 7^3 mzunguko ungebaki theluthi moja tu.

Kinachoharibu kizalishi hiki ni mbegu, yaani x ya kuanzia. Ukianza na 0 unabaki 0 milele, na ukianza na 2147483647 ni hivyo hivyo. Mbegu iwe kati ya 1 na 2147483646. Na kwenye biti 32 zidisho linafurika, ugonjwa ule ule wa swali la kwanza. Kama huna biti 64, tumia ukweli kwamba 2147483647 = 16807 × 127773 + 2836: gawa x kwa 127773, zidisha baki kwa 16807, toa hisa mara 2836, na ikiwa hasi ongeza n. Hakuna hatua inayovuka biti 31. Ni ya michezo na majaribio ya hesabu tu. Kwa nywila au funguo za siri usiiguse, anayeona x moja anazijua zote zinazofuata.

Sifa ya pili ni n + 1 = 2^31. Ukitaka kipeuo cha pili cha a kwenye baki za n, ni a^(2^29), yaani unaanza na a na kupiga mraba mara 29 mfululizo, basi. Kwenye ndugu yake mdogo 31 ni mara tatu: 5 inakuwa 25, kisha 5, kisha 25, na kweli 25 × 25 = 625 = 20 × 31 + 5. Lakini hakiki kila mara. 3 inakupa 9, 19, 20, na 20 × 20 = 400, ambayo ni 28, yaani −3. 3 haina kipeuo hapo, na njia haikulalamika, ilikupa kipeuo cha −3 kimyakimya.

---

Mteremko

Nimeelewa kuhusu msingi 2, asante @Tarakimu. Je, ile hofu ya saa za kompyuta mwaka 2038 inahusiana na namba hii kuwa tasa? Na je, ukichukua 2147483647 kuwa kipeo, 2^2147483647 − 1 nayo ni tasa?

---

Tarakimu

La 2038 halihusiani na utasa. Sekunde zilizohesabiwa tangu mwanzo wa 1970 kwenye biti 32 zinafika 2147483647 tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Ni ukomo wa biti tu, na ungekuwa pale pale hata namba ingekuwa na vigawo kumi.

La pili, hapana, si tasa. Kigawo chake kimoja ni 295257526626031. Unaweza kukihakiki bila kuandika ile namba yenye tarakimu zaidi ya milioni 646: `pow(2, 2147483647, 295257526626031)` inatoa 1. Na kina sura ile ile ya Euler: ni 68745 × 2 × 2147483647 + 1, na kinaacha baki 7 kwa 8.

Utasa unaendana na kitu kingine cha zamani zaidi: 2^30 × 2147483647 = 2305843008139952128 ni namba timilifu, jumla ya vigawo vyake vidogo ni yenyewe, ya nane kwa mpangilio. Mwaka 1811 Peter Barlow aliona huenda hakuna itakayogunduliwa kubwa kuliko hiyo. Oktoba 2024 imetangazwa 2^136279841 − 1, namba tasa ya tarakimu 41,024,320, na kila namba tasa ya sura hii inazaa timilifu yake.

---

Kikokotoo

Hatua ya 28 iko kwenye zile mbili, na mstari wa M umeingia. Swali dogo la mwisho kwa @Mbegu_Saba: nikiandika kizalishi hicho, nitajuaje kwamba sijakosea bila kusubiri kizunguke bilioni mbili?

---

Mbegu_Saba

Anza na mbegu 1. Za mwanzo ziwe 16807, 282475249, 1622650073, 984943658, 1144108930. Ya tatu ndiyo ya kwanza kupita kwenye kufurika, kwa hiyo ukikosea kwa kawaida utaachana hapo. Kisha endesha mara 10,000 na utazame ya mwisho: 1043618065. Ukipata hiyo, kizalishi chako ni kizima.